Mtoto anayechora: Njia kutoka Kyela hadi darasa la sanaa

Katika nyumba nyingi za Kyela, Ipinda na Matema, mzazi hukigundua kipaji cha mtoto akiwa amekasirika. Daftari la Hisabati limejaa mitumbwi, ng'ombe na sura za walimu. Ukuta uliopakwa chokaa juzi umechorwa kwa mkaa. Kinachofuata ni karipio, halafu swali ambalo mzazi hubaki nalo moyoni: kuchora kutamlisha?

Swali hilo lina uzito wake. Ada katika wilaya hii hutoka kwenye mpunga, kakao, mawese na samaki wa Ziwa Nyasa. Fedha ya msimu huu ikishatoka, mzazi husubiri msimu mwingine. Hata hivyo, kukataa kabla ya kuzijua njia zilizopo nako kuna gharama yake. Njia zipo, ingawa ni chache na nyingine ziko mbali.

Darasa la kwanza liko ziwani

Mwambao wa kaskazini wa ziwa hili ulikuwa na shule ya sanaa kabla ya shule za madawati. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, hufinyanga vyungu kwa mikono na kuvichoma kwenye moto wa wazi. Binti hujifunza kwa mama yake au bibi yake: udongo upi unafaa, unene gani hautapasuka motoni, pambo gani likae shingoni mwa chungu. Vyungu hivyo huvushwa kwa mitumbwi hadi upande wa Matema, vikauzwa soko la Lyulilo na kusafirishwa hadi Mbeya na kwingineko.

Mzazi anayesema sanaa hailipi atazame chungu kilichopo jikoni kwake. Kuna aliyekitengeneza, aliyekivusha, aliyekiuza, na ada iliyolipwa humo. Kilichokosekana kwa mafundi wengi ni cheti, mtaji na soko pana zaidi. Hapo ndipo shule inapoingia.

Shuleni hali ikoje

Tanzania haina utamaduni mrefu wa sekondari maalumu za sanaa kama zilizopo katika baadhi ya nchi, ambako mwanafunzi husoma uchoraji nusu ya siku na masomo ya kawaida nusu nyingine. Somo la sanaa za ufundi limo katika mtihani wa kidato cha nne, lakini shule zenye mwalimu wake ni chache, na mtoto wa kijijini anaweza kumaliza sekondari bila kulisikia.

Mambo yameanza kubadilika. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mwaka huohuo Serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, zikiwamo za sanaa. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto darasa la saba au kidato cha kwanza ana sababu ya kumuuliza mkuu wa shule au ofisi ya elimu ya wilaya swali moja la wazi: ni shule gani inafundisha sanaa, na ina mwalimu na vifaa?

Jirani zetu wa Kenya wamefika mbali kidogo. Katika mtaala wao wa umahiri, mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu huchagua njia moja kati ya tatu, na mojawapo ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Kundi la kwanza liliingia darasa la kumi mwaka 2026.

Bagamoyo, baada ya kidato cha nne

Kwa kijana wa Kyela aliyemaliza kidato cha nne, mlango unaojulikana zaidi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na ikawa wakala wa Serikali mwaka 2007. Humo hufundishwa muziki, ngoma, maigizo na sanaa za ufundi, yaani uchoraji, uchongaji na kazi nyingine za mikono. Ngazi ni cheti na diploma.

Kwa kawaida, kozi za cheti cha awali katika vyuo vya kati hudai ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini. Maana yake ni kwamba mtoto anayechora vizuri na kufeli masomo mengine atakwama mlangoni. Mwambie hivyo mapema. Daftari la Hisabati libaki la Hisabati, naye anunuliwe lake la kuchorea.

Anayeendelea na kidato cha sita anaweza kuomba shahada ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadhi ya vyuo vya VETA navyo hufundisha kupaka rangi na kuandika mabango, kazi yenye wateja katika kila mji wenye maduka.

Kati ya matokeo na kufunguliwa kwa vyuo kuna miezi kadhaa. Itumike kukusanya kazi. Michoro 10 au 15 iliyochorwa kwa makini kwa kutazama vitu halisi, kama vile mikono ya bibi, mtumbwi uliopinduliwa au shada la mpunga, inaonyesha zaidi kuliko 50 iliyonakiliwa kwenye simu. Kila mchoro uandikwe tarehe na uhifadhiwe pakavu, maana mvua za Kyela hazina huruma na karatasi.

Waliopita njia hii

Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro mwaka 1923, alisoma uchoraji Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, kisha akaenda London. Nchi ilipopata Uhuru, alipelekwa Uingereza kuiwakilisha Tanganyika. Uchoraji haukumzuia kuwa mtumishi wa juu wa Serikali.

Edward Saidi Tingatinga hakupata bahati ya darasa. Alizaliwa upande wa Tunduru, akafanya vibarua, na mwaka 1968 akaanza kuchora jijini Dar es Salaam kwa rangi za kawaida za mafuta. Alifariki mwaka 1972. Ndugu na wanafunzi aliowaachia ufundi wakauendeleza, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Leo jina lake ni jina la mtindo unaojulikana duniani. Wote hawatafika huko. Wengi watapata riziki kwa mabango, kuchapa flana, kupamba kumbi, kufundisha au kubuni matangazo, na kipato chao kitapanda na kushuka. Mzazi ajue hilo, na kijana naye ajifunze kuweka bei, kutunza hesabu na kusajili kazi yake ya ubunifu COSOTA.

Afya ya mchoraji

Kuna jambo ambalo fomu za kujiunga hazilisemi. Baadhi ya rangi za mafuta zina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba zilizo tumboni. Nunua rangi iliyoandikwa kuwa haina risasi. Mtoto asichoree katika chumba wanacholala wadogo zake, asile huku akipaka, na asinawe mikono kwa petroli au thina. Sabuni na mafuta ya kula hutosha kuondoa rangi nyingi mikononi.

Kwa wanaofinyanga, hatari ni vumbi la udongo mkavu, linaloweza kuharibu mapafu kwa miaka. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa. Anayechoma vyungu akae upande moshi usikoelekea. Kwa wote, mwanga wa kutosha na kunyoosha mgongo kila baada ya muda huokoa macho na kiuno.

Upande wa pili ni faida. Mwaka 2019, ofisi ya Ulaya ya shirika hilo ilipitia tafiti zaidi ya 3,000 na kueleza kuwa sanaa husaidia kulinda na kuboresha afya, ikiwamo ya akili. Kijana aliye kimya nyumbani mara nyingi husema kwa penseli yale asiyoweza kuyatamka. Tazama anachochora. Ukiona picha za kujiumiza au za kutisha zikijirudia, usimchape. Kaa naye, na mfike kituo cha afya.

Kabla ya kuuza gunia

Kutoka Kyela hadi Bagamoyo ni safari inayozidi siku moja kwa watu wengi. Kabla ya kuuza mpunga, ulizeni chuoni moja kwa moja: ada ni kiasi gani kwa mwaka, vifaa vinanunuliwa na nani, bweni lipo, bima ya afya inatakiwa? Kwa binti, muulizie na atakayekuwa mlezi wake huko. Wekeni hesabu hiyo mezani akiwapo kijana mwenyewe, aone kila gunia linakwenda wapi.

Kama fedha haitoshi mwaka huu, kuna darasa lisilodai ada ya chuo. Mpeleke kwa fundi wa mabango Kyela mjini, au kwa mama mfinyanzi anayekubali kumfundisha, akae naye miezi sita. Mwisho wa muda huo atakuwa na kazi za kuonyesha, nawe utakuwa umejua kama anapenda kuchora, au anapenda tu kuahirisha Hisabati.