Mhandisi Hafanyi Kazi Peke Yake

KIZIMKAZI, Unguja

Vyuo vya uhandisi, hapa Visiwani na kule Bara, vina desturi ya kumtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza afanye mradi kabla ya kuhitimu: abuni kitu, akichore na, ikiwezekana, akiunde. Desturi hiyo ni njema. Lakini mradi ukiwa ni wa mtu mmoja na msimamizi wake tu, hatima yake huwa ni kitabu chenye jalada gumu, kinachokaa rafuni kikingoja mchwa. Safu hii inashikilia kwamba mradi wa kikundi ndio uwe nguzo ya mafunzo ya uhandisi, na kwamba kikundi chenyewe kisiishie langoni mwa chuo.

Fikra hii si ngeni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga kijana na jamii iliyomsomesha. Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, wanafunzi walitakiwa kwenda makazini kujifunza kwa vitendo. Hatua ile ilimtoa mwanafunzi darasani. Kilichobaki ni kumtoa katika upweke.

Anayetaka kujua kikundi cha ubunifu ni kitu gani hana haja ya kusafiri mbali. Mji huu, ambao msikiti wake wa Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, haukuanza jana kujua ufundi. Na aje pwani aitazame ngalawa. Gogo la mwembe huchongwa kwa tezo, ndubi mbili hufungwa kwenye mirengu ili chombo kisipinduke, kisha husimamishwa mlingoti na tanga. Hapana mchoro wa karatasi. Mchongaji ndiye ajuaye mti, mshona tanga ndiye ajuaye upepo, na mvuvi ndiye mwenye kauli ya mwisho, kwa kuwa ndiye atakayezama wakikosea.

Majirani zetu wa Uganda wamekwisha kutuonyesha nguvu ya vijana walioshikamana. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki katika mradi wa kimataifa wa wanafunzi wa kubuni gari, ulioanzia katika chuo cha MIT, Marekani. Waliporudi hawakuridhika na vyeti vya kushiriki. Mwezi Novemba 2011 waliendesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili waliloliunda wenyewe, na mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye kutumia nguvu za jua. Ni fahari kwa Afrika Mashariki nzima. Hata hivyo, mwenye kuandika haya haoni kwamba gari ndilo somo kubwa kwa Unguja. Somo letu limo katika mwani.

Kilimo cha mwani kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Aina ya cottonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini maji ya kina kifupi yalipozidi joto ilianza kufa, wakulima wakabakiwa na spinosum yenye bei ya chini. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alishirikiana nao kujaribu nyavu za mviringo kama bomba: mbegu hutiwa ndani ya wavu mrefu, wavu ukawekwa kwenye kina ambako maji ni baridi zaidi, na mawimbi yasiweze kuukatakata mwani. Kwenye karatasi, kazi ilikuwa imekwisha. Baharini ndipo maswali yalipoanza. Mama aliyezoea kulima kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa, atafikaje huko kwenye kina? Wengi hawakuwa na vyombo, na wengi hawakujua kuogelea. Basi chombo na mafunzo ya kuogelea vikawa sehemu ya uvumbuzi, sawasawa na wavu wenyewe. Kikundi cha wahandisi watupu, hata kingekuwa na werevu wa namna gani, kisingeliona jambo hilo mpaka wavu umekwisha kushonwa na fedha zimekwisha kutumika.

Wako walimu wasemao kwamba kikundi huwaficha wavivu: mmoja anabeba gogo, watatu wanashika majani. Ni kweli, na dawa yake ni ya zamani. Katika vyuo vya Kurani watoto husoma juu ya mkeka mmoja, lakini kila mmoja hupita mbele ya mwalimu na ubao wake. Kikundi kipewe alama ya chombo, na kila kijana aulizwe peke yake amefanya nini na kwa nini.

Taasisi ya Karume iko Mbweni, na tangu mwaka 2023 tawi la IIT Madras ya India liko Bweleo. Kutoka huko hadi hapa ni safari ya asubuhi moja. Vijana wa vyuo hivyo na wapewe swali hili. Pomboo wa Kizimkazi, ambao zamani waliwindwa wawe chambo cha papa, leo ni riziki ya vijana wenye boti za watalii katika Ghuba ya Menai, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1997. Boti zinapowazunguka kwa wingi, pomboo hukosa kupumzika. Wakihama, riziki nayo itahama. Kibuniwe chombo chenye kelele ndogo, ambacho nahodha wa hapa ataweza kukinunua na fundi wa hapa ataweza kukitengeneza kikiharibika. Na siku ya kusahihisha, nahodha mmoja akae meza moja na maprofesa, awe na haki ya kutoa alama.