Pikapu za dizeli katika milima ya Kagera (2): Presha ya turbo isiongezwe kwa kubahatisha

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi moshi unaotoka kwenye injini unavyozungusha turbo, na turbo inavyosukuma hewa kuingia kwenye silinda. Leo tuingie katika jambo linalozua ubishi gereji: je, pikapu inayokosa nguvu mlimani iongezewe presha? Jibu la haraka huwa ni ndiyo. Fundi hufungua boneti, hulegeza nati ya kijiti cha chuma kinachotoka kwenye kikopo kilicho ubavuni mwa turbo, hukifupisha kwa mizunguko miwili mitatu, hukaza, kisha mwenye gari huambiwa akajaribu. Kijiti hicho ndicho kinachofungua kijimlango cha kupitishia moshi wa ziada. Kikifupishwa, kijimlango huchelewa kufunguka, turbo huzunguka kwa kasi zaidi na presha hupanda. Ni kazi ya dakika chache, na bei yake haimtishi mtu. Tatizo ni kwamba, ikifanywa bila kipimo, mara nyingi huongeza kitu ambacho gari halikupungukiwa.

Wanaotetea kuongeza presha wana hoja moja nzito, nayo ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata gari lililoegeshwa ufukweni Bukoba tayari liko juu. Kanieneo ya hewa pwani ni paundi 14.7 kwa inchi ya mraba. Bukoba ni takriban 12.8, na ukipanda hadi mita 1,500 inashuka kufikia 12.3. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 13 ya hewa yake kwa kuhamishwa tu kutoka Dar es Salaam. Haya ni kweli tupu. Ila turbo yenyewe imeshapunguza hasara hiyo. Tuchukue turbo iliyopangwa kuongeza paundi 10: Dar es Salaam injini hupata jumla ya paundi 24.7, Bukoba hupata 22.8. Pungufu ni asilimia 8, si 13, na kulifidia kunataka paundi mbili tu. Nani anajua mizunguko miwili ya nati imeongeza paundi mbili au sita? Bila geji, hakuna anayejua.

Na hata hizo mbili zina gharama yake. Turbo iliyo pwani huibana hewa mara 1.68 kupata jumla hiyo ya 24.7, kwenye mita 1,500 italazimika kuibana mara mbili kamili kupata kiasi kilekile. Hewa inayobanwa hupata moto. Kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa iliyoingia na nyuzi 27 itatoka na nyuzi 96 hivi katika hali ya kwanza, na karibu nyuzi 120 katika hali ya pili. Hewa moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya kile kilichoongezwa hupotea palepale, na pikapu isiyo na intakula ya kuipoza hupeleka joto lote ndani ya silinda.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo ubishi wa gereji hulisahau. Nguvu ya dizeli hutoka kwenye mafuta. Hewa ni ya kuyachoma tu. Kilo moja ya dizeli huhitaji kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa kuwa hewa na mafuta havichanganyiki sawasawa ndani ya silinda, moshi mweusi huanza mapema, hewa ikikaribia kilo 18. Kwa hiyo tazama nyuma ya gari wakati linapanda Kamachumu kutoka Muhutwe na mzigo wa ndizi. Likitoa moshi mweusi mzito, hewa imepungua kweli, au mafuta yamezidi. Likikosa nguvu huku ekzosi iko safi, hewa ipo ya kutosha na mafuta ndiyo hayafiki: chujio la dizeli limeziba, pampu imechoka au nozeli zimekufa. Kumwongezea hewa mgonjwa wa namna hii hakumsaidii. Hapo kuna hali moja ya kuangalia kwa makini. Pampu nyingi za zamani zina kiwambo juu yake kinachosukumwa na presha ya turbo ili kuruhusu mafuta zaidi. Kipaipu kinacholeta presha hiyo kikipasuka, gari hukosa nguvu bila moshi ingawa turbo ni nzima. Dawa yake ni kipaipu kipya.

Wengine husema kiwanda huacha akiba makusudi, na kwamba ni ujinga kutoitumia. Akiba ipo, lakini imeshapangiwa kazi: mwinuko, mafuta mabaya, rejeta iliyoziba nusu, injini yenye kilometa laki tatu. Pikapu inayobeba kupita kiasi katika barabara ya vumbi imeshaitumia kabla fundi hajashika spana. Hatua inayofuata ni kuunguza gasketi ya silinda hedi au kuyeyusha uso wa pistoni, kwani aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na moshi wa dizeli iliyolemewa unaweza kupita joto hilo.

Hoja ya tatu hutolewa na wenye Land Cruiser za injini ya 1HZ, ambayo haikuja na turbo: Australia watu huzifunga, kwa nini sisi tusifunge? Ni kweli huzifunga, lakini kwa presha ndogo, paundi 7 au 8 hivi, na sababu iko kwa Toyota wenyewe. Walipotengeneza 1HD-T, ndugu wa 1HZ mwenye turbo na ukubwa uleule wa lita 4.2, hawakubandika turbo tu. Waliteremsha mbano wa silinda kutoka 22.4 hadi 18.6, wakaacha chemba ya pembeni na kupiga mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Aliyeiunda injini aliona lazima aibadilishe kwa ndani kwanza. Anayeifunga turbo gereji na kuipandisha hadi paundi 15 anapinga ushahidi huo bila kuleta wa kwake.

Kwa Hilux za D-4D mjadala ni mfupi. Kompyuta ndiyo inayoiongoza injini, na inasoma presha ya turbo kila wakati. Ikiona imezidi, hukata mafuta, taa huwaka kwenye dashibodi na gari hupoteza nguvu katikati ya mlima. Aliyeenda kuongeza amerudi na kidogo kuliko alichokuwa nacho.

Kabla ya nati, basi, yako mambo ya kukagua ambayo ni rahisi zaidi. Chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu la kiangazi. Hozi ya kutoka turbo kwenda injini: pakaa maji ya sabuni, mtu akanyage mafuta, mapovu yataonyesha ufa, utepe wa oili iliyoganda na vumbi kwenye klipu ni dalili ileile. Ekzosi iliyobonyea. Breki zinazoshika. Yote hayo yakiwa sawa, ifungwe geji ya presha pamoja na kipima joto cha moshi kabla haujafika kwenye turbo, gari lipande mlima likiwa na mzigo wake wa kawaida, na namba zisomwe. Presha ikiwa chini ya ile iliyo kwenye kitabu cha injini, kuna sababu ya kurekebisha. Ikiwa sawa, nati iachwe. Mwenye gari, mwambie fundi akuonyeshe namba hizo kabla hujamlipa. Sehemu ijayo itahusu nozeli.