Hina kichwani, jua la Babati

Jumamosi usiku geto letu hapa Maisaka linanuka kama majani yaliyonyeshewa. Hina hiyo. Imelala kwenye bakuli la plastiki tangu mchana, unga umekorogwa na maji ya uvuguvugu na ndimu mpaka ukawa mzito kama mtindi. Ukiona juu pamegeuka kahawia, ujue rangi imeshatoka kwenye jani. Hapo ndo unapaka.

Tuwekane sawa kwanza, maana wanangu wengi wanachemkia hapa. Hina haitoi weusi wako, inapanda juu yake. Ile rangi, lawsoni, inang'ang'ania keratini ya unywele, haitoki kwa shampuu moja wala mbili. Ndani ya nyumba utajiona yuleyule. Shuka ziwani saa nne, jua limekolea, viboko wanakoroma huko, ndo washkaji wataanza kukuuliza: oya, nywele umezifanyaje? Wekundu wa njugu zilizokaangwa, unawaka kinoma. Bi mkubwa wangu ana mvi, yeye alitoka chungwa tupu, na kalipenda hatari.

Msala uko kwenye kitu kinachouzwa kwa jina la "hina nyeusi". Mwanangu, hina nyeusi haipo. Mhina unatoa wekundu, basi. Pwani wanalijua hili: bibi harusi anachorwa hina nyekundu na piko nyeusi, na kila kimoja kina jina lake. Sisi huku bara tunavichanganya, na piko nyingi zina kemikali inayoitwa PPD. Mwaka jana sista alipakwa hiyo na mtu aliyeapa ni majani matupu. Kesho yake masikio yamevimba, paji la uso malengelenge, macho hayafunguki. Nilimpeleka hospitali kwa boda, kajifunika khanga uso mzima, ananiuliza kama nywele zitabaki. Niliumia sana. Na PPD ikishakukataa mara moja, mwili hausahau. Hata rangi nyingi za boksi zinayo, kwa hiyo ukae nazo mbali.

Ndo maana siku hizi nasoma pakti neno kwa neno. Nataka nione Lawsonia inermis, yaani mhina wenyewe, peke yake. Halafu napaka kidogo nyuma ya sikio, nasubiri siku mbili. Kukiwa kimya, navaa glavu, mafuta ya mgando pembeni ya uso, naanza kisogoni. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo natumia kofia ya nailoni ya saluni, juu yake kilemba cha kitenge, maana baridi ya Babati inachelewesha rangi. Masaa matatu. Kusuuza ni maji matupu, shampuu ingoje, rangi bado inakolea siku mbili mbele.

Jana sista kaniomba nimpake na yeye. Nimemgusisha tone nyuma ya sikio, saa mbili usiku. Kila nikipita namwinua nywele, nachungulia.