Muratina Ilipokuwa na Sheria Zake

JE, umewahi kujiuliza ni kwa nini kibuyu kikuukuu kiwekwe ndani ya jumba la makumbusho? Swali hilo niliulizwa na binti yangu wa gredi ya sita tulipozuru Makumbusho ya Nyeri wakati wa likizo. Nilipomweleza kwamba vibuyu vikubwa vya namna ile ndivyo wazee walivyotengenezea pombe, alinitazama kwa mshangao akauliza, "Kumbe hata wao walikuwa wakilewa?"

Walikuwa wakilewa, ndiyo. Lakini jibu halikomei hapo, na ndilo lililotupatia mazungumzo hadi tukarudi Nairobi.

Safari yenyewe si ndefu. Ni kilomita zipatazo 150, na mwenye matatu hukupitisha Thika, Makutano na Sagana kabla ya kupanda kuelekea Karatina, mji wenye soko linalojulikana kote nchini kwa mboga na viazi. Wenyeji husema jina la mji huo latokana na mti wa muratina, kwani kwa Kikuyu "ka" mwanzoni mwa neno huonyesha udogo. Basi hata kabla hujafika Nyeri, umekwisha kupita katika mji ulioitwa kwa jina la mti wa pombe.

Ulaya, ngome za kale zimegeuzwa makumbusho ya wakulima na divai yao. Mfano ni ile ya Aigle, huko Uswisi, palipohifadhiwa historia ya mzabibu. Sisi hatuna ngome ya mawe wala mzabibu. Tulicho nacho ni jengo la mahakama huko Ruring'u, nje kidogo ya mji wa Nyeri, lililojengwa mwaka wa 1924. Humo ndimo wazee Waafrika walimoketi, chini ya serikali ya kikoloni, kusikiliza kesi za watu wao kwa kufuata sheria za kimila. Leo ni makumbusho ya maisha ya watu wa sehemu hiyo.

Na divai ya huku haikutoka katika zabibu. Ilitoka katika asali au maji ya miwa, ikisaidiwa na tunda la muratina, mti ambao kwa Kiswahili huitwa mwegea. Tunda lake huning'inia kwa kikonyo kirefu mithili ya soseji kubwa, na laweza kupita kilo tano. Likiwa bichi ni sumu. Kwa hiyo hupasuliwa, huchemshwa na kuanikwa juani hadi likauke na kubaki nyuzi nyuzi. Vipande hivyo vikavu ndivyo huingizwa katika kibuyu chenye asali na maji, kisha kibuyu huwekwa karibu na moto ili kipate joto.

Siri iko katika zile nyuzi. Humo hukaa hamira, vijidudu vinavyokula sukari na kuigeuza kuwa kileo. Pombe ikiiva, vipande huondolewa, huanikwa tena, na huhifadhiwa kwa matumizi ya siku nyingine. Mwanafunzi wa sayansi atatambua kwamba huyu mzee asiyeingia darasani alikuwa akifuga hamira yake mwenyewe mwaka hadi mwaka.

Jambo jingine la kisayansi ni hili: hamira hufa au hulegea kileo kikizidi kiasi fulani, yapata asilimia 15. Muratina halisi basi haiwezi kufikia ukali wa pombe iliyokerekwa kwa mvuke, ambayo mara nyingi ni asilimia 40. Tena asali haikuwa nyingi, na kuponda miwa kulihitaji mikono mingi. Pombe ilikuwa kazi, na kazi hiyo peke yake iliwapunguzia watu ulevi.

Lakini kizuizi kikubwa kilikuwa sheria. Muratina haikuwa ya kila mtu wala ya kila siku. Vijana waliokuwa katika rika la mashujaa hawakuruhusiwa kuinywa. Ilikuwa ya wazee waliokwisha kuoa na kulea. Hata mzee hakuinywa bila sababu. Kulikuwa na pombe ya kupatanisha waliogombana, pombe ya kuwashukuru wazee wa kiama baada ya kuamua kesi, na pombe ya posa. Kabla ya kunywa, tone lilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia.

Katika posa ndipo utaona jinsi kinywaji hiki kilivyobeba uzito. Wazee wakiisha kuketi, baba alimwita binti yake na kumwuliza mbele ya wageni kama wainywe pombe ile au waiache. Binti akikubali, ndoa imepata baraka. Akikataa, haikuwa rahisi kuendelea. Pembe ya muratina ilikuwa kama sahihi katika cheti. Ndiyo maana hadi leo, katika sherehe nyingi za mahari mlimani, muratina haikosekani, hata kama wageni wengine wanakunywa soda.

Tusiwapambe wazee kupita kiasi. Wanawake waliobeba sehemu ya kazi hiyo hawakupata haki sawa ya kunywa, na wazee walevi walikuwako. Hata hivyo kila mtu alijua ni nani anayeruhusiwa, lini, na kwa sababu gani.

Je, sheria hizo zilikwenda wapi? Sheria ya kikoloni ya mwaka wa 1912 iliwapa machifu mamlaka ya kudhibiti utengenezaji wa pombe za kienyeji. Neno la mwisho likatoka kwa baba na kiama, likaenda kwa chifu na kibali chake. Baadaye fedha zikaingia. Pombe iliyokuwa ikialikiwa watu ikawa pombe ya kuuzwa, na mwenye kuuza haulizi mnunuzi ni wa rika gani.

Matokeo yake tunayajua. Mnamo Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, si mbali na barabara tuliyopita, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe haramu. Mara nyingi kinachoua katika pombe chafu ni methanoli, ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Ndiyo maana wengine huponea lakini hubaki vipofu.

Serikali imeweka sheria yake. Ile ya mwaka wa 2010 yakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Ni sheria nzuri, lakini polisi hawezi kuketi katika kila sebule. Swali la "nani, lini na kwa nini" lilikuwa likijibiwa nyumbani, na ni nyumbani linakopaswa kurudi.

Hii ndiyo sababu ningewashauri wazazi wa mjini wawapeleke watoto Ruring'u siku moja. Mkiwa huko mwaweza pia kufika kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Nyeri mnamo Januari 1941. Lakini msiondoke bila kusimama mbele ya vibuyu na kuzungumza.

Tulipopita Sagana tukirudi, binti yangu aliniuliza kama siku ya posa yake nitamwuliza kabla ya wazee kunywa. Nikamwambia nitamwuliza. Akasema, "Basi na kaka naye umwulize kabla hajaanza kunywa." Kaka yake ana miaka 17. Jioni hiyo, baada ya chakula, nilimwita tukaketi.