Feni ya Rejeta na Dhamana ya Fundi

Msafiri atokaye Pwani kwenda Meru kwa njia ya Embu hapandi mlima mmoja akamaliza. Barabara huambaa ubavuni mwa Mlima Kenya, upande wa mashariki, na kila baada ya mwendo mfupi hukatwa na mto uteremkao kutoka mlimani: Rupingazi hapo Embu, kisha Thuci, kisha Nithi, na mingineyo mpaka Kathita ulioko Meru kwenyewe. Gari hushuka bondeni kwa breki na kupanda ng'ambo kwa gia nzito. Daraja la Nithi sisi watu wa Pwani tunalijua kwa majonzi, maana Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Kwa sababu hiyo kila apitaye huko huulizia breki, na ni haki yake. Mimi nilipozunguka kwenye magereji ya jua kali ya Embu na Meru niliona balaa la pili, lisilo na kishindo: joto la injini. Gari huanza kupumua mvuke mlimani, dereva akaongeza maji, akaenda kidogo, likachemka tena, na mwisho wake ni kuvutwa kwa kamba mpaka kwa fundi.

Sababu moja ni mahali penyewe. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Mji wa Meru uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,500, na huko hewa ni nyepesi, hata maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Springi yake huyabana maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120, na kikilegea dereva wa milimani huliona hilo kabla ya dereva wa Mombasa. Sababu ya pili ni mwendo. Gari likikimbia, upepo wa njiani hupoza rejeta bila msaada. Likipanda polepole na mzigo mzito, upepo hautoshi na moto wa injini umezidi. Hapo tegemeo ni feni.

Wazee wetu watakumbuka feni iliyozungushwa na mkanda wa injini, mchana na usiku, ihitajike isihitajike. Watakumbuka pia Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mara nne, mwaka 1963 na tena 1966, 1967 na 1968, na ndugu yake 504, iliyobeba abiria wa Kenya nzima kwa miaka mingi. Magari hayo yalikuwa na hila yake: feni ilikuwa na sumaku ya umeme, na haikushikana na mkanda mpaka maji yapate moto. Hiyo ilikuwa nusu ya safari. Magari mengi madogo ya Kijapani tunayoendesha leo yametimiza nusu ya pili: feni ina mota yake yenyewe, haidai mkanda, nayo huwaka na kuzima kwa amri ya joto.

Sasa, ndugu msomaji, tutazame namna feni hiyo inavyofungwa nyaya, kwani hapo ndipo penye kisa. Feni ya kawaida hula umeme wa ampea 15 hivi kwa volti 12, yaani kama taa kubwa tatu za mbele zikiwaka pamoja, na wakati wa kuanza kuzunguka hula zaidi ya hapo. Umeme wa kiasi hicho haupitishwi kwenye swichi ndogo ya dashibodi wala kwenye uzi mwembamba. Hupitishwa kwenye relei, ambayo ni kama bawabu: amri ndogo humfikia, naye hufungua mlango mkubwa.

Relei ina miguu minne yenye nambari. Mguu wa 30 hupokea waya mnene utokao kwenye betri, na waya huo sharti upitie fyuzi, nayo fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Mguu wa 87 hupeleka umeme kwenye feni, na upande wa pili wa feni hufungwa athi kwenye bodi ya gari, mahali palipokwanguliwa rangi na kutu. Mguu wa 86 huletewa umeme wa ufunguo. Mguu wa 85 huenda kwenye swichi ya joto iliyochomekwa kwenye rejeta au karibu na themostati. Maji yakifika nyuzi 95 au pungufu kidogo, swichi hiyo hufunga njia ya athi, relei hulia "ta!", na feni ikaanza. Maji yakipoa kwa nyuzi tano hivi, feni husimama. Kwa waya wa milimita nne za mraba na fyuzi ya ampea 30, kazi hiyo hutosha kwa feni ya kawaida. Fundi mwangalifu hutazama pia kama feni inavuta hewa kuelekea kwenye injini. Nyaya zake zikipishana huzunguka kinyume, ikashindana na upepo wa mbele.

Hayo ndiyo yapasayo. Yanayofanyika mara nyingi huitwa "dairekti". Swichi ya joto ikifa, fundi huikata, akaunga feni na waya wa ufunguo, izunguke muda wote gari linapowaka. Wengine huitoa na themostati, eti injini ipate baridi. Asubuhi ya Julai huko Meru, ukungu ukiwa umetanda, injini ya namna hiyo huchukua muda mrefu kupata joto lake, ikala mafuta na kujila yenyewe. Na waya mwembamba uliobebeshwa mzigo wa waya mnene huanza kuiva ndani ya ganda lake.

Waya kama huo niliuona kwa macho yangu katika gereji moja ya Majengo, Meru, mtaa ambao Mswahili wa Pwani akifika hahisi ugeni. Pikapu ya kubeba miraa ilikuwa imevutwa mpaka hapo, na mzee fundi alikuwa ameshika uzi ulioyeyuka, mweusi, umegandamana na mwenzake.

"Mzee, nifungie dairekti tu, nina mzigo," kijana dereva alimwambia.

"Kijana wangu, hii ndiyo dairekti yenyewe," mzee alimjibu, akimwonyesha uzi. "Fyuzi haikuwapo. Bahati yako imeungua waya, haikuungua gari. Nipe muda nikatafute relei na swichi."

Kijana hakuwa na muda wala nyongeza ya fedha. Miraa haingoji: ikilala siku mbili imepoteza nguvu na bei. Nilimwona akihesabu noti zake mara mbili. Mzee alimwambia atakubali kulipwa atakaporudi, lakini dairekti hafungi. Kijana alinuna, akaisukuma pikapu na wenzake mpaka kwa fundi wa tatu kutoka hapo. Haikupita nusu saa ikawaka, feni inavuma, ikaondoka. Mzee alinigeukia akasema, "Sheikh, yule ni mteja wangu wa miaka. Leo nimempoteza." Kisha akaenda kutawadha, maana adhuhuri ilikuwa imeingia.

Jambo hili ni la kale kuliko magari. Wanavyuoni wa fiqhi walijadili dhamana ya fundi: kitu cha mtu kikiharibika mkononi mwake, alipe au asilipe? Wafuasi wa Imam Malik walielekea kumbebesha fundi malipo, ili mali za watu zipate hifadhi. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu Pwani, kauli iliyotiwa nguvu ni kwamba fundi halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Basi na tujiulize: kuacha fyuzi, kitu cha bei ndogo kabisa katika kazi nzima, si uzembe? Na ikiwa mwenye gari mwenyewe ndiye aliyesema "wacha", je, ruhusa yake inamtosha fundi, ilhali nyuma ya pikapu wamekaa vibarua wawili ambao hawakuulizwa?

Kwa rai yangu haitoshi. Mwenye mali anaweza kusamehe mali yake. Hawezi kusamehe roho za wenzake. Lakini lawama yote tusimtupie fundi. Sisi wenye magari ndio tunaopenda bei ya chini, kisha tukamwita mwizi anayetutajia bei ya kazi kamili. Rahisi huvunja upishi, na huvunja silinda hedi pia.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kwenda Embu na Meru, fungua boneti kabla hujatoka Mombasa, injini ikiwa baridi, na umuulize fundi wako maneno matatu: fyuzi ya feni iko wapi, relei iko wapi, na feni huzimwa na nini? Akikuonyesha kwa kidole yote matatu, mlipe haki yake bila kuvutana naye. Akikwambia feni yako haizimi kamwe, usisafiri kesho.