Baada ya Kupasuliwa Tezi: Mbona Midomo Yafa Ganzi?

Wana-kikundi, nyuma ya tezi ya shingo kuna vijitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Vyatoa homoni inayoongoza kalsiamu, ile chokaa ya mifupa, katika damu. Kimoja kikizidisha kazi, mifupa hunyonywa na figo hupata mawe. Hapo hutolewa kwa upasuaji.

Sasa sikilizeni. Kikishatolewa, homoni hushuka upesi: kwa dakika 10 huwa chini ya nusu. Kalsiamu hushuka polepole, ikafika chini kabisa siku ya 2 hadi ya 4, kwani mifupa iliyokaa na njaa huifyonza. Mgonjwa pengine amekwisha rudi kwao Kiwayu! Midomo au vidole vikifa ganzi, au misuli ikikaza, apelekwe hospitali Faza au Lamu siku hiyo hiyo. Wa Lamu aulize maji kwanza. Yakitoka, chombo hukwama Mkanda. Na vidonge vya kalsiamu na vitamini D asiviache ati kidonda kimepona.

Baadaye kipimo chaweza kuonyesha homoni imepanda tena. Msishtuke. Kalsiamu ikiwa sawa, pengine ni upungufu wa vitamini D tu. Daktari hutazama kalsiamu baada ya miezi 6 ndipo aseme amepona.