Anwani ya Cheo na Anwani ya Mtu

Tazama kichwa cha barua ya serikali yetu. Juu kuna nembo yenye kichwa cha chui, jina la Jamhuri, la jimbo, la ofisi. Chini, pale penye namba za simu, mara nyingi utakuta anwani ya barua pepe inayoishia na gmail.com au yahoo.fr. Karatasi nzima ni ya taifa isipokuwa mstari huo. Sisi wa Kitivo cha lugha tumefundishwa kuuliza swali moja mbele ya maandishi yoyote: nani anasema? Mstari huo unalivuruga jibu.

Barua ya karatasi inajibu bila shida. Ina namba, tarehe, sahihi, muhuri, na orodha ya wanaopewa nakala. Sekretari anaiandika katika daftari la barua zinazotoka. Anayeipokea anaiandika katika daftari la zinazoingia, kisha anakupigia kashe juu ya nakala yako. Mkuu akihamishwa kutoka Kasaji kwenda Dilolo au Kolwezi, daftari linabaki mezani, na mrithi wake anaweza kujibu barua ambayo hakuipokea kwa mkono wake. Anayesema na kusikia ni cheo. Sanduku la barua pepe la binafsi halina tabia hiyo. Jina ni la mtu, neno la siri ni la mtu, na siku ya kuhama linaingia mfukoni pamoja na simu.

Kaka yangu ni mwalimu karibu na Kasaji. Aliomba matrikule, maana bila hiyo mshahara wa serikali hauji. Ofisa mmoja alimshauri apige picha faili lote na kulituma kwenye anwani yake, kwa kuwa barabara ya Kolwezi wakati wa mvua inajulikana. Ikawa haraka kweli. Siku ile ile likaja jibu: « Bien reçu. » Baadaye ofisa akahamishwa. Aliyeshika nafasi yake akafungua kabati, hakuona kitu. Kaka akamwonyesha simu. « Hii ulimwandikia yeye », akaambiwa. Kwa kweli, ukisoma ile anwani kama mwanaisimu, yule bwana hakukosea.

Tusiwaonee maofisa. Anwani za gouv.cd zipo, lakini ofisi ndogo isiyo na umeme wa uhakika wala kompyuta haiwezi kuzitegemea. Mtumishi ananunua mega kwa pesa yake na kufanya kazi ya serikali kwa simu yake. Wengi hawafichi chochote. Wanatafuta njia ya kazi kusonga.

Hata hivyo njia hiyo hiyo inamfaa sana anayeficha, na katika jimbo la shaba na kobalti jambo hili si dogo. Sheria ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Dekreti ya mwaka 2011 inadai mikataba ya maliasili itangazwe. Lakini mkataba ni neno la mwisho la mazungumzo marefu. Yakifanyika katika masanduku ya watu binafsi, tutasoma jibu bila kuliona swali.

Umaskini wa vifaa hauelezi yote, maana Marekani haikukosa kompyuta. Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje kuanzia 2009 hadi 2013, alitumia seva iliyokuwa nyumbani kwake Chappaqua. Alirudisha barua kama 30,000. Nyingine zaidi ya 30,000, zilizohesabiwa kuwa za binafsi, zilifutwa. FBI ilichunguza na hakushtakiwa, ila aliyechagua zipi ni za kazi na zipi za nyumbani alikuwa upande wake mwenyewe. Tanzania imejenga mfumo wa barua pepe wa serikali wenye anwani za go.tz, na watumishi wanatakiwa kuutumia kwa mambo ya ofisi.

Kwetu sheria ya nyaraka za taifa ni ya mwaka 1978, wakati hata telegramu ilikuwa habari kubwa huku Kasaji. Sheria mpya ya numeriki, ya tarehe 13 Machi 2023, inakubali maandishi ya elektroniki kuwa ushahidi sawa na karatasi, mradi anayeyatoa atambulike na yahifadhiwe bila kuguswa. Masharti hayo mawili ndiyo yaliyotimizwa zamani na kashe na daftari. Ujumbe ulio ndani ya simu ya mtu aliyehama unayatimiza vipi?

Kaka alianza upya. Safari hii alipeleka karatasi, nakala tatu, na hakuondoka dirishani mpaka ya kwake ikapigwa kashe.